Misheni ya Bagamoyo: Majengo ya Mawe na Uhuru wa Waliokombolewa

Atokaye katika mji mkongwe wa Bagamoyo akielekea kaskazini hufuata njia iliyopandwa miembe pande zote mbili. Mwisho wa njia hiyo husimama mnara mkongwe, kanisa kubwa, na nyumba ya ghorofa yenye matao. Huo ndio mtaa wa misheni ulioanzishwa mwaka 1868 na Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika la Kikatoliki lililotoka Ufaransa. Wengi wameusifu kwa uzuri wake. Yafaa pia kuuliza majengo hayo yatwambia nini juu ya watu waliokaa humo.

Asili ya misheni hiyo ni Unguja. Mwaka 1860 Padre Fava na wenzake walifika huko kutoka kisiwa cha Réunion; miaka mitatu baadaye kazi yao ilishikwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu chini ya Padre Antoine Horner. Walikomboa watumwa kwa fedha, hasa watoto. Lakini kisiwani nafasi ya mashamba ilikuwa haba, na ndipo walipovuka bahari kuja Bagamoyo, katika zama za Seyyid Majid. Baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, manowari za Waingereza nazo ziliwakabidhi mapadre baadhi ya watu walionaswa majahazini.

Fikira ya kujenga kijiji kizima kwa ajili ya waumini wapya haikuwa ngeni duniani. Tangu mwaka 1609 Wajesuiti walikuwa wamewajengea Waguarani wa Paraguay vijiji vya namna hiyo, vyenye njia zilizonyoka, kiwanja, na kanisa mbele yake, hata walipofukuzwa katika nchi za mfalme wa Hispania mwaka 1767. Bagamoyo nako watoto walilelewa katika nyumba za mapadre na masista. Walipokua walioana, wakapewa nyumba katika kijiji cha Wakristo na shamba dogo la kulima. Kengele iliwaita kusali, kengele ikawaita kazini, na sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa katika mashamba ya misheni. Walikuwa wameponywa na mnyororo, lakini mipaka ya maisha yao ilikuwa imekwisha kuchorwa na wengine. Wako waliotoroka, na kutoroka kwao ni ushahidi kwamba walijua maana nyingine ya uhuru.

Tofauti hiyo yaonekana katika ujenzi wenyewe. Tufani ya Aprili 1872 iliyabomoa majengo ya awali. Ndipo likajengwa kanisa ambalo mnara wake ungalipo, na kuanzia 1873 nyumba ya mapadre. Kanisa kubwa la pili lilijengwa baadaye, likamalizika mwaka 1914. Vifaa vilikuwa vile vile vya pwani yote: mawe ya matumbawe na chokaa. Lakini umbo lilikuwa jingine. Nyumba ya Mswahili tajiri hugeukia ndani. Ukuta wake mnene huficha ua, na mgeni huishia barazani. Nyumba ya mapadre hufunguka nje kwa varanda na matao, na aliye ghorofani huona mbali. Mahali ambapo watu walipaswa kuangaliwa mchana kutwa, umbo hilo halikuwa la kutafuta upepo tu.

Mnara wa kanisa la kwanza huitwa kwa jina la Livingstone, kwa kuwa maiti yake ililazwa hapo usiku mmoja wa Februari 1874, ilipoletwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka bara. Mgeni wa usiku mmoja amepewa mnara. Waliobeba mawe yake hawakupewa hata kibao. Makaburi ya mapadre yana majina yao, na ni haki, kwani wengi walikufa vijana kwa homa. Lakini haki hiyo ingetimia kama majina ya wajenzi nayo yangeandikwa mahali.

Hata hivyo kuta hizo zilikuja kuwafaa watu wengi kuliko ilivyokusudiwa. Katika vita vya 1888 na 1889, Abushiri bin Salim alipopigana na Wajerumani, maelfu ya wakimbizi walipata hifadhi katika misheni. Na watu waliolelewa humo hawakubaki pwani. Walifuatana na mapadre kwenda Mhonda mwaka 1877, Mandera, katika bara ya Bagamoyo upande wa Msata, mwaka 1881, na Morogoro mwaka 1882. Misheni za bara zilisimama kwa jasho lao na kwa lugha yao ya Kiswahili.

Kwa hiyo mwenye kuandika tarehe ya Bagamoyo asiyahesabu majengo haya kuwa kipande cha Ufaransa kilichotupwa ufukweni. Jiwe lake ni la bahari yetu, na mkono ulioliinua ni wa mtu aliyepata kuuzwa.