Hesabu ya Vijiti

Baba yangu mdogo hakuwahi kuandika deni. Mteja alisimama mbele ya jiko, akala, akabaki na vijiti mkononi, na alipomaliza baba mdogo alivihesabu kwa jicho: vinne, lipa vinne. Wapo waliojaribu kudondosha kimoja kando ya kiatu. Hao aliwatazama miguuni kabla ya kuwatazama mkononi.

Jiko lake lilikaa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka nyama iishe. Nilipofika darasa la tano nilipewa kazi ya kupepea moto kwa kipande cha boksi la sabuni. Jiko lenyewe lilikuwa bati lililokunjwa na fundi, na miguu ya nondo. Juu yake zililala spoku za baiskeli zilizonyooshwa na kuchongwa ncha. Hizo mteja alizirudisha, zikaoshwa, zikarudi kazini. Vijiti vya mianzi, vya kwenye pakiti, tulivipata baadaye.

Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa barabarani Kariakoo na katikati ya jiji, na jiko la baba mdogo likaondoka nao. Mwaka ule niliwaambia wenzangu chuoni kwamba jiji limepoteza kipande cha historia yake. Mmoja akacheka. Historia gani, akauliza, ya moshi? Sikuwa na jibu siku ile. Hili ndilo, limechelewa.

Nianze na neno. Kamusi za zamani zina mshakiki. Sisi tunasema mshkaki au mshikaki, nadhani kwa sababu sikio letu limelivuta kwenye kushika. Neno ni la Kiarabu, na mzizi wake ni kutoboa, kupenyeza. Omani wanasema mishkak mpaka leo, na jioni huuzwa kando ya barabara kama kwetu. Waswahili wa Zanzibar waliohamia Maskati baada ya Mapinduzi ya 1964 hawakulazimika kujifunza jina jipya la chakula hiki. Sisi wa Dar tumelipa neno kazi ya ziada: bodaboda ikibeba abiria wawili au watatu tunasema imepakia mishkaki. Trafiki anajua maana yake.

Kikubwa kwenye mshkaki ni kisu. Kilo moja ya nyama ukiipika nyumbani ni mchuzi wa familia, na lazima uinunue yote kwanza. Baba mdogo aliikata vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, akailaza kwenye tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na papai bichi la kulainisha, akatoa mishkaki thelathini na kitu. Kila mmoja una vipande vinne, na kimoja kati ya hivyo ni mafuta, ili moto upate wa kuzungumza naye. Hapo nyama inanunulika kwa sarafu. Anayeila hahitaji sahani, meza, wala mtu wa kumpikia nyumbani.

Watu wa aina hiyo ndio waliojaza Kariakoo tangu mwanzo. Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916 walikuta Wajerumani wameshaanza kujenga jengo la soko nje kidogo ya mji. Eneo lile wakaligeuza kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na midomo ya watu ikatengeneza Kariakoo. Nairobi wana lao, Kariokor, na ajabu ni kwamba huko nako leo ndiko watu huenda kula nyama choma. Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara, maradhi na posho mbovu kuliko kwa risasi. Huwa nalikumbuka hilo nikiona foleni mbele ya jiko. Mtaa uliopewa jina na watu waliokosa chakula umekuwa mahali pa kulia.

Soko lilifunguliwa 1923, na mji ukagawanywa kwa kanuni za ujenzi: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, na Kariakoo ukanda wa tatu, wa Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuwatenga wa huku na wa kule. Upande wetu zikasimama nyumba za Kiswahili, korido katikati na vyumba vitatu kila upande, na kila chumba na mpangaji wake. Wengi walikuwa wanaume waliokuja peke yao, wa bandarini, wa reli, wa kubeba. Mtu wa chumba kimoja anayerudi usiku amechoka hapiki mchuzi wa nyama. Anakula barabarani, kisha analala.

Ila moshi haukuheshimu uwanja. Vuka Mnazi Mmoja leo kuelekea Jamhuri na Zanaki, utakutana na kuku wa tikka, kababu na mishkaki ya Wahindi, yenye bizari nyingi na chatne ya ukwaju. Pale Mamboz, kona ya Barabara ya Morogoro na Libya, watu hula nje jioni, na Waswahili, Wahindi na Waarabu hukaa kiti kwa kiti. Baba mdogo naye alikuwa na chupa ya ukwaju na pilipili jikoni kwake, akiiita ya kwetu. Nani aliazima kwa nani sitaki ugomvi. Ninachojua ni kwamba mipaka iliyochorwa kwa kanuni ilivukwa kwa mchuzi wa ukwaju miaka mingi kabla ya uhuru kuifuta.

Alikuja mjini kutoka Rufiji mwaka 1981, ana miaka kumi na tisa. Sukari ilikuwa shida, sabuni ilikuwa shida. Alianza kwa kumsaidia mzee mmoja wa Kimanyema kukata nyama. Kisha ikaja 1983 na Sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambuliwa. Asiyekuwa nayo alirudishwa kijijini au kupelekwa mashambani. Kuchoma nyama kando ya barabara hakukutambuliwa. Alikamatwa ameshika kisu cha kazi, akapandishwa lori na wenzake, wakashushwa kwenye shamba la mkonge njia ya Morogoro.

"Nikakaa siku kumi na moja," aliniambia. "Ya kumi na mbili nilikuwa Sikukuu, nawasha moto."

Wengi walirudi vilevile. Na baadaye leseni ya biashara ndogondogo ikaja ikaitwa Nguvu Kazi, jina lile lile lililomtoa mjini. Aliichukua bila kucheka. Desemba 2018 vilipokuja vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, alichukua nacho, akakiweka kwenye mfuko mmoja na leseni ile ya zamani. Kwa miaka arobaini alikuwa na karatasi za kumruhusu kusimama, zikifuatana na amri za kumwondoa.

Mwaka jana rafiki yangu aliyerudi kutoka masomoni Japani alinionyesha picha kwenye simu: kichochoro chembamba, taa nyekundu, moshi, watu wamebanana mbele ya jiko refu jembamba. Nilidhani ni kwetu mpaka nikaona maandishi. Ni Omoide Yokocho, Shinjuku, katikati ya Tokyo, na kinachochomwa ni yakitori, mishkaki ya kuku. Mla yakitori hutumbukiza vijiti vitupu kwenye kikombe, na mwenye jiko huweza kuvihesabu. Hapo nikamtaka anieleze zaidi, nami nikasoma.

Japani walikuwa na mwiko mrefu wa nyama. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alipiga marufuku kwa miezi kadhaa ya kila mwaka kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku, na desturi ya kukwepa nyama ikaendelea kwa karne nyingi. Mwaka 1872 ndipo ilipotangazwa kwamba Mfalme Meiji amekula ng'ombe. Kuku alikuwa ghali, kwa hiyo wachomaji wa barabarani walichukua mabaki ya mikahawa: ngozi, maini, mioyo, firigisi. Baada ya Vita vya Pili, Tokyo ikiwa magofu, masoko ya magendo yaliota karibu na vituo vya treni, na majiko ya matumbo na mabaki yakawa humo. Kichochoro cha Shinjuku kilianzia huko. Miaka ya 1960 kuku wa kisasa walipoenea, yakitori ikawa chakula cha kila mfanyakazi anayetoka ofisini, kwa chumvi tu au kwa mchuzi mtamu wa soya, na bia pembeni. Leo ipo mikahawa ya yakitori inayochomea mkaa wa mwaloni wa Kishu, wa bei ya kutisha, na meza unaagiza mapema.

Kuku alipanda kwenye kijiti Kariakoo kwa njia inayofanana. Utotoni mwangu kuku alikuwa wa mgeni au wa Idi, na mshkaki ulikuwa ng'ombe. Kuku wa kisasa walipokuwa rahisi ndipo baba mdogo akaanza kuchoma firigisi, tena kwa sababu mwanamke mmoja muuza kuku wa Kisutu alikuwa nazo nyingi zisizonunuliwa. Zikawa zinaisha kabla ya ng'ombe. Siku ya Simba na Yanga alinunua mara mbili, maana klabu moja iko Msimbazi na nyingine Jangwani, na yeye katikati. Aliwauzia wote na hakusema anashabikia nani mpaka leo.

Tofauti ni kwamba kichochoro kile wamekiacha. Sisemi Tokyo hawakuwahi kubomoa, walibomoa sana. Lakini pale waliona moshi ule ni jiji lenyewe. Sisi tunalo soko la Beda Amuli lililofunguliwa 1975, lenye paa kama miavuli, na lilipoungua usiku wa 10 Julai 2021 nchi nzima ilihuzunika, na ilistahili. Miezi mitatu baadaye majiko yaliondoka na hakuna aliyeyapiga picha. Najua hoja ya upande wa pili: barabara zilikuwa hazipitiki, gari la zimamoto lingepita wapi. Ni hoja nzito, hasa baada ya moto ule. Hata baba mdogo huikubali. Kinachomuuma ni kwamba aliyemwonyesha eneo jipya alimpeleka mahali ambapo hapiti mtu jioni.

Sasa anachoma nyumbani Mbagala, barazani, Ijumaa na Jumamosi. Mkaa umepanda bei, na mkakati wa nishati safi uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nilimuuliza kama atahamia gesi.

"Gesi inapika," alisema. "Mafuta yakidondoka kwenye gesi yanasema nini?"

Nilikwenda wiki iliyopita. Shikamoo, marahaba, kaa hapo. Mjukuu wake wa darasa la nne alikuwa akipepea kwa kifuniko cha ndoo, vibaya, akitupulizia majivu wote. Nilikula firigisi na ng'ombe nikiongea, sikuhesabu. Nilipotoa noti ya elfu mbili baba mdogo aliangalia mkono wangu, akaangalia chini karibu na kiatu.

"Sita," alisema. "Na hicho ulichokikanyaga, saba."