Kazi ya Pili ya Chembe Sahani

Mwaka 1881, katika maabara yake mjini Turin, Giulio Bizzozero alimweka simbilisi aliye hai chini ya hadubini, akatandaza utando mwembamba unaoushikilia utumbo na kutazama damu ikipita katika mishipa midogo. Miongoni mwa chembe nyekundu na nyeupe zilielea chembe nyingine ndogo zaidi, bapa, zisizo na rangi: chembe sahani. Alipoujeruhi mshipa, hizo ndizo zilizowahi kufika. Zilinata kwenye jeraha, zikashikana zenyewe kwa zenyewe, na mahali pale pakajengeka bonge la damu.

Hakuwa wa kwanza kuziona. Max Schultze alikuwa amezieleza huko Bonn mwaka 1865, na Georges Hayem wa Paris alizidhania kuwa chembe nyekundu ambazo bado hazijakomaa. Sifa ya Bizzozero ni kwamba alizikuta kazini. Zinakotoka kulijulikana baadaye: mwaka 1906 James Homer Wright wa Boston alionyesha kwamba chembe sahani ni vipande vinavyomeguka kutoka kwenye seli kubwa za uboho. Kwa kuwa ni vipande, hazina kiini. Jambo hilo dogo litakuja kuwa na uzito mkubwa.

Bizzozero alichapisha utafiti wake kwa ukamilifu mwaka 1882. Mwaka huohuo, upande wa pili wa Italia, katika mji wa Messina, Mrusi Élie Metchnikoff aliwachoma viluwiluwi wa kiti cha pweza kwa miiba, kisha akaona seli zao zinazotembea zikiizingira ile miiba. Huo ulikuwa mwanzo wa kuuelewa upya uvimbe, ule wenye wekundu, joto na maumivu, ambao Celsus wa Roma aliorodhesha dalili zake katika karne ya kwanza. Metchnikoff alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908.

Nchi moja, mwaka mmoja, na bado elimu hizi mbili zilishika njia tofauti. Kuganda kwa damu kukawa mali ya wataalamu wa damu, uvimbe ukaachiwa waliochunguza kinga ya mwili. Chembe sahani zikaandikwa vitabuni kama viziba matundu tu. Utengano huo ulidumu mno, maana ushahidi wa kuuvunja ulikuwa umelala kwenye kabati za dawa za nyumbani.

Ushahidi huo ni aspirini. Kampuni ya Bayer iliisajili kwa jina hilo mwaka 1899, na watu wakaimeza kwa ajili ya homa, maumivu na uvimbe wa viungo. Nusu karne baadaye, Lawrence Craven, daktari wa kawaida wa mji wa Glendale, California, aligundua kwamba wagonjwa wake waliokatwa mafindofindo walivuja damu kupita kiasi walipotafuna ubani wenye aspirini. Akawaza: dawa inayozuia damu kuganda huenda ikawakinga wenye hatari ya shambulio la moyo. Aliandika hivyo mwaka 1950, katika majarida madogo ambayo wakubwa wa tiba hawakuyasoma.

Jibu la kikemia lilikuja mwaka 1971. John Vane, akiwa London, alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe. Mwaka 1975 kundi la Bengt Samuelsson nchini Sweden likatambua thromboksani, ndugu wa kemikali hizo, inayotolewa na chembe sahani ili kuitana na kushikana. Mtambo ni mmoja: kimeng'enya kilekile kinachozimwa na aspirini huanzisha njia ya uvimbe na njia ya bonge. Na kwa kuwa chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya; kidonge kidogo huinyamazisha kwa siku zote za uhai wake, ambazo ni kama kumi. Mwaka 1988 utafiti wa ISIS-2, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000, ulithibitisha kwamba aspirini hupunguza vifo baada ya shambulio la moyo. Craven alikuwa amefariki mwaka 1957, kwa shambulio la moyo.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Katika miaka ya 1980 iligunduliwa protini inayoitwa P-selektini: chembe sahani ikiamshwa huitoa juu ya ngozi yake, na chembe nyeupe inayopita huinasa. Mwaka 2004 watafiti wa Berlin walieleza jinsi chembe nyeupe zinavyotupa nyavu za DNA kunasa bakteria, na miaka mitatu baadaye ikaonekana kwamba chembe sahani zinaweza kuwa ndizo zinazotoa ishara ya kuzitupa. Nyavu hizo hunasa vijidudu, lakini pia hugandisha damu. Ugonjwa wa Uviko-19 ulipozuka, mabonge madogo yaliyokutwa katika mapafu ya marehemu wengi yalilionyesha jambo hilo kwa ukatili.

Pwani ya Kenya ilikuwa tayari na la kusema. Mwaka 2001 watafiti waliofanya kazi Kilifi walionyesha kwamba chembe sahani huzigandamanisha chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria, na kwamba hali hiyo huandamana na malaria kali. Mwaka 2003 ikaripotiwa kutoka Malawi kwamba chembe sahani zilikuwa zimerundikana katika mishipa midogo ya ubongo wa watoto waliouawa na malaria.

Mtu angedhani basi kwamba dawa ni kuzizuia. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Australia walionyesha kwamba chembe sahani hizohizo hujibandika kwenye chembe nyekundu iliyoambukizwa na kukiua kimelea kilichomo. Zilipowekewa aspirini, uwezo huo ulipotea, na panya waliopewa aspirini walikufa kwa wingi zaidi. Mtoto anayelazwa leo kwa malaria kali hupewa artesunate, inayoua vimelea. Dawa ya kuzuia madhara ya chembe sahani bila kuua faida yake bado haijapatikana.