Mfongo, dira na maji yanayopotea Tarakea

Mteremko unaowaletea watu wa Tarakea, wilayani Rombo mkoani Kilimanjaro, maji bila pampu ndio huohuo unaowapasulia mabomba. Kila maji yanaposhuka mita 10, mgandamizo huongezeka kwa takribani baa 1. Bomba likiteremka mita 200 bila kukatizwa, kule chini linabeba baa 20, ilhali mabomba mengi ya plastiki hutengenezwa kwa baa 10 au 16. Ndiyo maana mafundi hujenga matangi ya kupunguza presha njiani. Boya la tangi moja likikwama, maji humwagika porini usiku kucha na vijiji vya chini huamkia koki kavu.

Kupoteza maji kulikuwa kosa Kilimanjaro kabla bomba halijafika. Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji ya maji, kutoka mabondeni, wakaipitisha kwenye kingo za milima kwa ustadi ambao Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza, aliueleza katika kitabu chake cha 1924. Kila mfongo ulikuwa na wazee wake na zamu zake. Maji ya usiku yalikusanywa kwenye nduwa, yaani mabwawa madogo, yakafunguliwa asubuhi. Asiyefika siku ya kuzibua mfongo alitozwa faini, mara nyingi pombe ya mbege au mbuzi. Rombo, iliyo kavu kuliko Machame na Marangu, haikujaliwa mito mingi ya kudumu, na kila ndoo ilijulikana ilikotoka.

Uhuru ulileta ahadi kubwa. Mpango wa miaka 20 ulioanza 1971 ulilenga kila kaya ya kijijini ipate maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991, na maji ya bomba la kijiji yalikuwa ya bure. Nia ilikuwa njema. Lakini bomba likawa la serikali, na lilipopasuka wananchi walimsubiri fundi kutoka wilayani. Naamini hapo ndipo tulipopoteza kitu ambacho wazee wa mfongo walikuwa nacho.

Sera ya Maji ya 1991 ilianza kuwataka watumiaji wachangie. Wilaya ya Hai, kwa msaada wa Wajerumani kupitia benki ya KfW, ilifunga dira na kuunda bodi za wadhamini wa maji. Upande wa mashariki, kampuni ya Kiliwater ikahudumia Rombo na sehemu ya Moshi Vijijini, kabla ya kazi hiyo kuchukuliwa na mamlaka ya umma ya maji ya Rombo, ROMBOWSSA.

Dira haipimi bili tu. Kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wamelala. Maji yanayoendelea kupita kwenye dira kuu ya eneo, kwa sehemu kubwa, ndiyo yanayovuja. Fundi akifunga valvu moja baada ya nyingine, anakifikia kipande chenye ugonjwa kabla hajashika sururu.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, bomba la Nolturesh linalotoka Loitokitok limetobolewa kwa miaka mingi na watu ambao linawapita likipeleka maji mbali. Tarakea isifike huko. Mamlaka ibandike kila mwezi, kwenye ofisi ya kila kijiji, kiasi cha maji kilichoingia na kilicholipiwa. Nasi tukiona tope barabarani wakati wa kiangazi, tupige simu siku hiyohiyo.