Idhini ya Muda ya Utangazaji wa Setilaiti
Ni ruhusa ya kitambo ambayo serikali humpa mtangazaji ili atumie chaneli za setilaiti zisizokabidhiwa mtu, kwa sharti kwamba asimdhuru mwenye haki na aziache pindi aamriwapo. Nchini Marekani, ambako kampuni ya EchoStar ilipata idhini hiyo katika nafasi ya obiti ya nyuzi 61.5 magharibi, muda wake hauzidi siku 180, ingawa waweza kurefushwa. Nchini Tanzania, usimamizi wa masafa umo mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoasisiwa kwa sheria ya mwaka 2003. Katika kata ya Ganako, wilayani Karatu, ambako milima huweza kuzuia mawimbi ya minara, ilhali dishi hupokea kutoka setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, kukoma kwa idhini kama hiyo si jambo dogo: mtazamaji astahili kupewa ilani kabla idhini haijakoma.