Kutoka Filamu hadi Kihisi: Gharama ya Mageuzi ya Kamera za SLR, 1980–2007

Kamera ya Nikon F3 ilianza kuuzwa mwaka 1980 na ikaendelea kutengenezwa kwa takriban miaka 20. Uhai huo mrefu ulitokana na mgawanyo wa kazi: ubora wa picha ulitegemea lenzi na filamu, hivyo mpiga picha aliyehitaji rangi bora au wepesi zaidi wa kupokea mwanga alibadilisha filamu tu. Nikon D1 ya mwaka 1999, yenye pikseli milioni 2.7, iliuvunja mgawanyo huo. Kihisi kilichochukua nafasi ya filamu kilifungwa ndani ya kamera. Aliyetaka kihisi bora alilazimika kununua kamera nyingine. Mwaka 2001 ilitoka D1X yenye pikseli milioni 5.3. Lenzi za zamani ziliendelea kutumika, lakini kwa kuwa kihisi kilikuwa kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 24 ilitoa upeo wa picha kama wa lenzi ya milimita 36. Watumiaji wa Nikon walirejeshewa upana huo na D3 mwaka 2007. Kwa hiyo, mpiga picha aliepukana na gharama ya kununua na kusafisha filamu, lakini akabebeshwa gharama ya kufuata matoleo mapya ya kamera.