Kabla ya Shetani Kulikuwa na Binadamu

Leo tunaongea na wale wanaochora majini, mashujaa wenye mabawa na viumbe vya ajabu, halafu wakimaliza wanajiuliza: mbona jini langu linaonekana kama mdoli?

Jibu liko kwenye historia yetu wenyewe. Ukitoka Dar kwenda Bagamoyo unapita Mwenge, karibu na soko la wachongaji. Pale utaona vinyago vya mpingo vinavyoitwa shetani: jicho moja, sikio kama pakacha, mguu umejisokota. Wageni wengi hudhani huyo mchongaji hajui mwili wa mtu ulivyo. Kumbe anaujua sana!

Wachongaji wengi wa Kimakonde walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Walichonga mtindo unaoitwa binadamu: mama na mtoto, mzee na mkongojo, mwili kama ulivyo. Halafu inasimuliwa kwamba miaka ya 1950 kinyago cha mchongaji Samaki Likankoa kilivunjika mkono. Hakukitupa. Akakichonga upya kikawa kiumbe kingine, na mtindo wa shetani ukaanzia hapo. Umeona mtiririko? Binadamu kwanza, shetani baadaye.

Baadaye akaja George Lilanga, mzaliwa wa 1934 upande wa Masasi. Pale Nyumba ya Sanaa, Dar, alianza kama mlinzi, akaishia kuwa msanii anayejulikana duniani hadi alipofariki 2005. Mashetani yake yana vidole viwili vitatu tu na midomo mikubwa, na kuna watu husema "hata mtoto anachora." Hebu ziangalie tena picha zake. Wanacheza, wamebebana, wanapiga soga. Goti linabeba uzito, kiuno kinakunjika pale kinapotakiwa. Vidole kavipunguza kwa kupenda, uzito wa mwili hakuugusa.

Ulaya nako hadithi ni hiyo hiyo. Leonardo da Vinci alipasua maiti zipatazo 30 ili ajue misuli inavyofanya kazi.

Wewe huhitaji maiti. Simama mbele ya kioo. Mkono ukining'inia, kiwiko kinafika usawa wa kiuno na vidole vinafika katikati ya paja. Kiganja na vidole vyake vinafunika uso kutoka kidevuni hadi karibu na nywele. Mtu mzima ana urefu wa vichwa kama saba na nusu. Unataka mabawa? Bawa la popo ni mkono kabisa: lina bega, kiwiko, kifundo, na vidole virefu vilivyotandazwa ngozi. Ukilibandika mgongoni bila bega, halitaruka.

Na Bagamoyo ni darasa la bure. Nenda ufukweni uangalie migongo ya wavuvi wanaposukuma ngalawa. Angalia wachezaji ngoma wa TaSUBa, chuo kilichoanza 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa. Omba ruhusa kwanza, kisha chora haraka haraka, hata kurasa kumi kwa siku.

Ukishamjua binadamu, mvunje mkono utakavyo. Usipomjua, hata huo mkono uliovunjika hautaonekana umevunjika. Utaonekana umekosea tu.

Haya, mhusika wako wa mwisho kumchora: kiwiko chake kiko wapi? Tuambie ukweli hapo chini, hatucheki!