Gado: Mbongo aliyewapa Wakenya vikaragosi

Niko Korogwe kwenye mazoezi ya kufundisha, vumbi la chaki mpaka masikioni. Kwetu Handeni ni mwendo wa gari moja tu, kwa hiyo wikiendi nakimbilia kwa mama kula. Juzi ofisini kwa walimu ukazuka ubishi: nani kafanya kazi kubwa kuliko wote kwenye vichekesho vya televisheni Afrika Mashariki? Mkoa huu wa Tanga jibu linajulikana kabla hujauliza, ni King Majuto. Mzee Amri Athumani ni wetu, kazaliwa 1948, katutoka Agosti 2018, na ukimsema vibaya huku hata bodaboda hupati. Mimi nikamtaja Gado. Wakaguna, "Si yule wa katuni?"

Ndiyo huyo huyo. Majuto alikuwa mfalme wa kusimama mbele ya kamera. Mimi nazungumzia mtu wa nyuma yake, anayebuni kipindi, anayetafuta hela na anayepigiwa simu mambo yakiharibika.

Godfrey Mwampembwa alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Akiwa kijana alishachorea magazeti kama Daily News na Business Times, halafu akaingia Ardhi kusomea usanifu majengo. Hakumaliza. Mwaka 1992 gazeti la Nation la Nairobi likamchukua, naye akaacha ramani za nyumba za watu akaenda kuchora sura za watu. (Wazazi wetu wangesema nini jamani? Mimi nikiacha ualimu leo nikachore, kule Handeni kitaitishwa kikao cha ukoo.)

Kumbukeni Kenya ya wakati ule ilikuwa ya Moi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Redykyulass walianza kumwigiza rais mwenyewe kwenye televisheni, sauti, mwendo na kila kitu, na watu hawakuamini macho yao. Kwa hiyo Gado hakuanzia porini, njia ilikuwa imefyekwa kidogo.

Wazo lake alilipata Ulaya. Uingereza walikuwa na Spitting Image, 1984 mpaka 1996, na Ufaransa walikuwa na Les Guignols kwenye Canal+, kilichoanza 1988 na kufa 2018. Vyote ni vikaragosi vya mpira vyenye sura za wanasiasa, sura zilizotiwa chumvi. Gado akasema hiki kitu Nairobi kitafaa. Kusema ni rahisi! Kichwa kimoja unakifinyanga kwanza kwa udongo, unatengeneza kalibu, unamimina mpira, unapaka rangi, unaweka macho na nywele. Hapo bado mwandishi wa maneno, mwigaji wa sauti, na watu wa kukichezesha huku wamejificha chini. Ni ghali kuliko kumpa mtu kipaza sauti. Kikaragosi cha kwanza kilikuwa cha Kibaki, na ilipita miaka ya kubisha hodi kabla ya kupatikana wafadhili na kituo chenye moyo.

Mei 2009 The XYZ Show ikaruka Citizen TV. Gado ndiye mbunifu na mtayarishaji mkuu, chini ya Buni Media aliyoianzisha na mwandishi wa habari Mfaransa, Marie Lora-Mungai. Mtangazaji wake alikuwa kikaragosi aitwaye Keff Joinange, na mkijua Jeff Koinange ni nani mmeshacheka. Ni mwaka mmoja na kitu tu tangu watu wachinjane baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kibaki na Raila wamekaa serikali moja kwa shida, wananchi wana hasira, halafu Jumapili hadi Jumapili unawaona wakubwa hao wakigombana kama watoto wa chekechea. Mimi naona hiyo ilikuwa kazi ya uraia kuliko vitabu vingi tunavyofundishia.

Sasa upande wa kwetu. Tulikuwa na Ze Comedy pale EATV, baadaye Orijino Komedi TBC1, na akina Joti na Masanja waliiga wakubwa tukacheka sana. Lakini Januari 2015 serikali yetu ikalifungia The EastAfrican, ikisema halijasajiliwa. Wengi wakaihusisha na katuni ya Gado kuhusu Rais Kikwete. Mwaka 2016 Nation hawakumwongezea mkataba. Mei mwaka huo huo akapokea tuzo ya kimataifa ya wachora katuni kule Geneva, pamoja na Zunar wa Malaysia.

Halafu 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, blogu ikatakiwa kulipia leseni shilingi milioni moja kwa mwaka. Kwa mtu anayesubiri bumu hicho nacho ni kichekesho. Mei 2020 Idris Sultan akakamatwa baada ya kujirekodi akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Kucheka tu wadau, hata kikaragosi hakuwa nacho.

Kwa hiyo swali nililowaachia walimu wenzangu siyo Majuto au Gado. Nimewauliza, kama yule kijana angebaki Ardhi mwaka 1992, kichwa cha kwanza cha mpira angekifinyanga cha nani, na kituo gani cha Dar kingekirusha? Walioko Mlimani nijibuni, mimi nina maandalio ya somo ya kesho sijayagusa.